Mchele Pori Si Mchele, na Mboga ya Kukhu Si Chakula cha Shida

Wasee, kabla mnitukane, nipeni dakika kumi nimalize.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Port Victoria, mvua inanyesha, simu iko asilimia 11, stima imepotea kama kawaida. Nikakutana na video ya dada mmoja wa Marekani akipika supu nzito ya krimu. Haina nyama. Ina uyoga, karoti, maziwa, na mchele mweusi mrefu kama sindano. Akasema ni supu ya mchele pori. Watu wameipenda vibaya sana. Nikajiambia, hii nikiipika huku kijijini, ziwa likionekana nyuma yangu, nimeomoka.

Nikamtumia beshte yangu wa Nairobi ujumbe aniangalizie bei ya huo mchele. Akaingia supamaketi moja ya wenye pesa, akanitumia picha. Wasee. Kapakiti kadogo hivi, na hiyo bei hapa kwetu unanunua mchele wa Bunyala wa nyumba nzima na bado unabaki na pesa ya boda. Nikamwambia akarudishe polepole asije akalipishwa kukashika.

Lakini sasa nilikuwa nimeshaanza kuuliza maswali. Mchele pori ni nini? Nani aliuita pori? Na mbona uuzwe ghali hivyo ilhali mimi nimekulia katikati ya mashamba ya mpunga na sijawahi kuuona? Nikaanza kusoma. Ndiyo, mimi niliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili. Karo iliisha, lakini hamu ya kusoma haikuisha. Mnaopenda kuniuliza, "Wewe dropauti unatufundisha historia kama nani?" kaeni hapo mbele, hii ni yenu.

Kitu cha kwanza: mchele pori si mchele. Ule mweusi wa kwenye video ni mbegu ya nyasi nyingine kabisa, jina lake la kisayansi ni Zizania. Mchele wetu ni Oryza. Ni ndugu, lakini ni ndugu wa mbali, kama wewe na yule binamu unayekutana naye matangani tu. Zizania huota ndani ya maji ya maziwa na mito isiyokimbia sana, upande wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, pale Marekani inapopakana na Kanada. Watu wa Ojibwe wanauita manoomin. Kwa karne nyingi wamekuwa wakiuvuna kwa mtumbwi, watu wawili: mmoja anasukuma mtumbwi, mwenzake ana vijiti viwili, kimoja anainamisha masuke juu ya mtumbwi, kingine anayagonga taratibu punje zidondoke. Nyingine zinaanguka majini, na hizo ndizo mbegu za mwaka unaofuata. Halafu wanaukausha, wanaukaanga, wanaupura, wanaupepeta. Hiyo ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya.

Halafu wakaja Wafaransa, wakauona, wakauita folle avoine, kama kusema oats zenye wazimu. Waingereza wakasema mchele pori. Yaani mtu anakuja, anakuta watu wana chakula, wana sheria za lini kivunwe na nani avune, wana sherehe zake, halafu anasema hiki ni cha porini, hakina mwenyewe. Mnaiona hiyo hesabu?

Na wenyewe walijua thamani yake. Mwaka 1837, Waojibwe walipotia sahihi mkataba wa kutoa ardhi kwa serikali ya Marekani, waliweka ndani ya huo mkataba kwamba wataendelea kuwinda, kuvua na kuvuna mchele huo katika maeneo waliyotoa. Ardhi inaenda, lakini chakula kinaandikwa kwa karatasi. Kwenye miaka ya 1950 na 1960 wakulima wa Minnesota wakaanza kuupanda kwenye majaruba kwa mashine, baadaye California ikaingia kwa nguvu, na bei ya wale wa mtumbwi ikaumia. Kwa hiyo mwingi unaouzwa leo kwa jina la pori umelimwa kwa trekta kama mahindi ya Kitale. Mwaka 2018, Waojibwe wa White Earth walipitisha sheria yao wenyewe inayosema manoomin ina haki ya kuwepo na kustawi. Mmea una haki. Nilisoma hiyo nikasimama nikatembea nyumba nzima.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo niliposhikwa shati.

Afrika ina mchele pori wake. Na huu ni mchele kweli, ni Oryza. Kuna mmoja unaitwa Oryza barthii. Huo ndio mama wa mchele wa Kiafrika, Oryza glaberrima, ambao watu wa bonde la mto Niger walianza kuufuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita bila kufundishwa na mtu wa Asia. Na kuna mwingine, Oryza longistaminata, unaoota kwenye vinamasi na mabwawa kuanzia Afrika Magharibi mpaka huku kwetu Mashariki. Hauhitaji kupandwa. Una mashina yanayotambaa chini ya udongo, ukikata juu unatokea pale pembeni. Masuke yake yana punje chache na zikikomaa zinadondoka mara moja. Kwa mkulima wa mpunga ni magugu, tena magugu mabaya.

Nikamwonyesha kukhu picha kwenye simu. Kukhu ni mama ya baba, ameilima mpunga huko Bunyala tangu baba hajaoa. Akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Hii si ile takataka?" akaniuliza. "Hii imenivunja mgongo. Unaing'oa leo, Jumapili ukitoka kanisani imerudi. Tulisema ni chakula cha ndege."

Takataka. Okei. Sasa sikilizeni takataka ilifanya nini. Mmea mmoja wa longistaminata kutoka Mali ulikutwa na kinga kali dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga, ugonjwa unaowalaza njaa wakulima wa Asia. Ukapelekwa India, ukafika taasisi ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino, wakauzalisha na mpunga wa kawaida. Mwaka 1995 timu ya Pamela Ronald wa chuo kikuu cha California, Davis, ikaitenga ile jeni yenyewe, inaitwa Xa21, na chuo kikachukua hataza. Ronald mwenyewe aliona hapa kuna kitu hakikai sawa, akasukuma mfuko uanzishwe ili nchi ulikotoka mmea zipate chochote. Halafu Wachina wa Yunnan nao wakachukua longistaminata hiyo hiyo kwa sababu ya yale mashina yanayorudi kila ukikata. Wakauzalisha na mpunga wao, wakapata mpunga unaopandwa mara moja na kuvunwa miaka kadhaa bila kulima upya. Walianza kuwapa wakulima mwaka 2018. Kitu kinachomvunja kukhu mgongo ndicho wao walikuwa wanatafuta.

Sisemi tusing'oe magugu. Kukhu akisikia nimesema hivyo nitalala nje. Ninachosema ni kwamba neno pori na neno takataka hayakuambii kitu kuhusu mmea. Yanakuambia kuhusu mtu aliyekuwa anautazama.

Na huu mpunga tunaolima, umefikaje hapa? Kwa sababu Wanyala hawakuwa watu wa wali. Walikuwa watu wa wimbi, mtama na samaki. Mpunga wa Asia uliingia kwanza Pwani kupitia Bahari ya Hindi. Wachimbuaji wamekuta punje zake Pemba kwenye mabaki ya miji ya Waswahili, na kufikia karne ya 11 wali ulikuwa umeshika meza huko. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika alivyolishwa: wali uliopikwa kwa samli, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, tangawizi. Someni tena hiyo orodha. Wali, samli, maziwa. Miaka karibu 700 iliyopita, kwenye mwambao wetu, mtu anakula kitu chenye krimu kuliko ile video yote.

Kutoka Pwani mpunga ukasafiri na misafara ya karne ya 19. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliulima Tabora, na watu wa Tippu Tip waliulima mpaka Kasongo huko Kongo. Na tusiipambe hiyo safari: misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na watumwa. Mchele ulikuwa chakula chao cha njiani. Msafara mwingine ulikuwa unapita Mumias, kwa Nabongo, si mbali na hapa.

Halafu mzungu. Jina Port Victoria mnajua ni la malkia gani. Lakini wangapi mnajua reli ya Uganda ilikuwa imepangwa kuishia hapa? Sisi ndio tungekuwa Kisumu! Baadaye walipopima ziwa vizuri wakaona ghuba ya Kavirondo ingewaokolea maili nyingi za reli, wakageuza. Desemba 1901 reli ikafika pale wakapaita Port Florence, leo ni Kisumu. Sisi tukabaki na jina la bandari na omena. Tena wakati huo hapa palikuwa Uganda. Mpaka ulihamishwa mwaka 1902, kwa kalamu. Ndiyo maana ukienda Busia au Malaba leo, mtu ana shangazi upande huu na shamba upande ule, na mchele wa Butaleja unavuka mpaka asubuhi na mapema kuliko maafisa.

Mpunga wa Bunyala wenyewe ni wa juzi. Baada ya uhuru, serikali ilianzisha bodi ya umwagiliaji mwaka 1966, na mwisho wa miaka ya 60 mradi wa Bunyala ukaanza, maji yakivutwa kwa pampu kutoka mto Nzoia. Mfano uliofuatwa ulikuwa Mwea, na Mwea ilichimbwa miaka ya 50 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau. Kwa hiyo sheria zilikuwa na harufu ya huko. Mkulima hakuwa mwenye shamba, alikuwa mpangaji mwenye leseni. Anaambiwa apande nini, lini, na mavuno anayapeleka kwa bodi. Wakulima wa Mwea walivumilia mpaka mwaka 1998 wakakataa. Wakaanza kuuza wenyewe.

Na Nzoia nayo haina adabu. Kukhu anahesabu miaka kwa mafuriko. Ile mvua ya 1961 na 1962 ambayo watu waliipa jina la uhuru, ziwa likapanda zaidi ya mita moja. El Nino ya 1997. Na 2020, mwezi wa Mei, ziwa lilipofika kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimepimwa kabla ya hapo, mimi nikiwa nyumbani shule zimefungwa kwa korona, tukabebana na magodoro mpaka juu ya tuta. Watu walilala kwenye tuta miezi. Nakumbuka tulichokula. Tulikula mboga ya kunde iliyopikwa kwa maziwa, ndani ya chungu kimoja, kilichokuwa kinapashwa moto asubuhi na jioni siku tatu mfululizo. Kukhu aliokoa chungu kabla ya redio.

Sasa hapa ndipo inabidi niseme kitu ambacho sikutaka kusema.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video. Mnaikumbuka. Mwaka jana, mimi nimeshika chungu cha kukhu, nafunua, natapika kwa kuigiza, nasema hii mboga inafanana na kitu ng'ombe ameacha njiani. Nikaita mfululizo mzima "Chakula cha Shida." Ilipanda kuliko video yoyote niliyowahi kutengeneza. Ndiyo iliyonilipia hii simu ninayoandikia. Mlicheka, nami nikacheka na pesa ikaingia.

Nilidhani kukhu hana simu, ataionea wapi. Mtoto wa jirani alimwonyesha. Hakuniambia kitu. Nilichogundua ni kwamba kila nikienda kwake, napewa mkate na soda. Mkate na soda, kama mgeni kutoka ofisini. Miezi nane. Mimi nilifikiri ananiheshimu kwa sababu nimekuwa maarufu.

Nilielewa wiki mbili zilizopita tu, nikiwa nimekodoa macho kwa video ya yule dada wa Marekani. Majani au uyoga. Maziwa mpaka yawe mazito. Hakuna nyama. Nafaka ndani au pembeni. Hiyo ni mboga ya kukhu! Ni ile ile, isipokuwa bakuli ni jeupe na dirisha lina mwanga. Yule dada aliita chakula chake kwa jina la kiburi, mimi nikaita cha kukhu kwa jina la aibu, na wote tulilipwa. Waingereza walisema pori. Mimi nilisema shida. Sina tofauti kubwa na wao, isipokuwa mimi nilikuwa nimelishwa nacho.

Nikaenda kwake. Nikamwambia nataka anifundishe.

"Kupika nini?"

"Ile mboga ya maziwa, kukhu."

Akaendelea kuchambua mchele. "Si ulisema ni ya ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nisamehe. Akaniambia kunde ziko nyuma ya nyumba, nikachume, na nisichume yale magumu. Hakusema amesamehe.

Tulichopika ni mchanganyiko wa ile supu ya mtandaoni na yake, na nawaandikia kwa sababu ni tamu na haihitaji kapakiti ka Nairobi.

Chukua kikombe 1 cha mchele wa Bunyala ambao haujakobolewa mpaka ukawa mweupe, ule wenye ngozi ya kahawia. Ukiwa karibu na kinu, waambie waupitishe mara moja tu. Loweka usiku. Asubuhi uchemshe kwa vikombe 3 vya maji, moto wa chini, kama dakika 40, mpaka ulainike lakini ukitafuna unausikia. Majani ya kunde, machanga, mikono miwili iliyojaa, yachemshe kwa maji yenye munyu kidogo. Munyu ni ile chumvi yetu ya asili: unachoma maganda makavu ya maharagwe au ya ndizi, jivu unalimwagia maji, unachuja, maji ya kahawia yanayotoka ndiyo hayo. Vijiko 2 vya mezani vinatosha, ukizidisha itakuwa kama sabuni. Yanalainisha majani na kuondoa ukali. Sufuria nyingine kaanga kitunguu na uyoga. Msimu wa mvua ukianza utapata obwoba wa kichuguu, ule ambao wamama wanauza kwa majani ya mgomba. Usiokote mwenyewe kama hujui, nisije nikasomewa risala yako. Kausio la karanga zilizosagwa, vijiko 3, likoroge kwa maji ya vuguvugu ndipo umwage, la sivyo litafanya mabonge. Changanya vyote. Mwisho kabisa weka vikombe 2 vya maziwa pamoja na ule utando wa juu, punguza moto, koroga upande mmoja, isichemke kwa fujo. Chumvi kidogo. Iache itulie. Kukhu anasema ya leo ni ya watoto, ya kesho ndiyo ya watu wazima, maana ikilala na kupashwa tena ndipo inakuwa nzito.

Wakati inatulia nikamweleza kuhusu Waojibwe, mtumbwi, vijiti viwili, na ule mkataba wa 1837. Alisikiliza kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza: "Hao watu, bado wanauvuna?"

Nikamwambia ndiyo, bado.

"Basi si pori. Una wenyewe."

Halafu akaniuliza bei ya kale kapakiti. Nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza kama kanakuja na ng'ombe.

Sijaifuta ile video ya mwaka jana. Nilifikiria kuifuta, nikaona nitakuwa najificha. Nimebandika hii mbele yake, ili anayekuja kucheka aanzie hapa. Jina "Chakula cha Shida" nimeliacha, sitalitumia tena. Najua kuna wanaonifuata kwa sababu ya matapishi yale na wataondoka. Kodi yangu itaumia, sitawadanganya. Kama kuna siku nitarudi chuo, itabidi karo itoke mahali pengine.

Siku ya pili nilirudi kwa kukhu kuchaji simu, jirani yake ana sola. Hakukuwa na mkate wala soda. Alinipa bakuli bila kuniuliza kama nina njaa, ikiwa nzito kama alivyosema, na kijiko kimesimama. Nilikula yote. Aliniangalia nikila, akasema mara nyingine nisikate vitunguu vikubwa hivyo.

Sasa ninyi. Nyumbani kwenu kuna chakula gani ambacho ulikikana shuleni, ukasema kwenu mnakula chipo na pizza? Nitajieni jina lake, kwa lugha ya nyumbani, na nani alikuwa anakipika. Na kama huyo mtu bado yuko, mpigie leo.